UZI: Kwa nini antena iliyolazwa juu ya bati hufa, na jinsi miraba ya shaba inavyoweza kuifufua

FundiRezo_Bkv (mwanzisha uzi)

Jambo ndugu zangu wa Bukavu, Goma, Uvira, Lubumbashi, na ninyi mnaosoma kutoka mbali.

Kazi yangu ni kufunga rezo (mtandao) ya wifi kati ya nyumba na nyumba hapa Bukavu. Mji wetu mnaujua: vilima vinatazamana, Kadutu iko juu, Ibanda imeshuka hadi ziwani, na karibu kila paa ni bati. Nikiwa huko juu, mwenye nyumba aliyesimama uani huuliza swali lile lile: "Hiyo antena mbona mnaipandisha kwenye bomba? Ilazeni juu ya bati, upepo usiisumbue." Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili, maana ndani yake kuna elimu ninayoipenda kuliko yote katika kazi hii.

Wimbi la redio lina uga wa umeme. Likigonga chuma, elektroni za chuma hukimbia mpaka uga ule ulio sambamba na uso ufutike. Kufutika huko maana yake ni kwamba wimbi linalorudi huanza safari likiwa limepinduliwa: pale lililokuja lilipopanda, linalorudi linashuka. Kwa lugha ya mafundi, fezi yake, yaani mahali lilipofika katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka, imegeuka nyuzi 180. Sasa weka antena milimita 3 juu ya bati. Inarusha wimbi juu, inarusha na chini. La chini linagonga bati, linapinduka, linarudi karibu papo hapo na kukutana na la juu. Yanafutana. Waya una mkondo ndani yake, lakini kinachotoka kwenda hewani ni kidogo sana. Nguvu iliyobaki hurudi kwenye redio au huisha kwa joto.

Ukiinua antena hadi robo ya urefu wa wimbi, hesabu inageuka. Kushuka nyuzi 90, kupinduka 180, kupanda 90: jumla ni 360, mzunguko mzima. Mawimbi mawili yanasukumana upande mmoja, na bati lililokuwa adui linakuwa msaidizi. Kwa wifi ya gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, hivyo robo yake ni kama sentimita 3.1. Kwa simu kwenye megahezi 900 ni sentimita 8.3. Kwa redio ya FM kwenye megahezi 100 ni sentimita 75. Ndiyo maana ya bomba.

Kwa muda mrefu wahandisi wengi waliichukua robo hiyo kama kodi isiyoepukika. Baadaye wakaanza kuuliza: kama tatizo ni kwamba uso wa chuma hupindua wimbi, je, tunaweza kutengeneza uso usiopindua? Naendelea hapo chini, ila kama kuna maswali leteni.

Neema_Goma

Yaya, nimekufuata vizuri. Lakini sentimita 3 ni kitu gani? Bomba fupi tu linatosha. Kwa nini watu wasumbuke?

FundiRezo_Bkv

Dada Neema, juu ya paa ni kweli, sentimita 3 si kitu. Lakini fikiria antena inayokaa kwenye ubavu wa ndege, kwenye paa la gari, ndani ya simu ambayo yote ina unene wa milimita 8, au kwenye mkanda wa zimamoto ambaye mwili wake uko nyuma ya antena. Hapo robo ya wimbi hakuna pa kuiweka. Tena masafa yakishuka kodi inapanda.

Mwaka 1999 Dan Sievenpiper, akiwa na kundi la Eli Yablonovitch pale Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha uso ambao hadi leo wanafunzi wa antena huanza nao. Chini kuna bamba la shaba. Juu yake kuna kihami chembamba. Juu ya kihami kuna miraba midogo ya shaba iliyopangwa kama vigae, kila mmoja ukiacha ufa mwembamba kati yake na jirani yake, na katikati ya kila mraba kuna pini inayoshuka hadi kwenye bamba la chini. Ukiutazama kwa ubavu unaona safu ya uyoga, na wenyewe huuita hivyo.

Kila mraba ni mdogo sana mbele ya urefu wa wimbi, kwa hiyo wimbi haliuoni mmoja mmoja. Linahisi uso mzima kama kitu kimoja chenye tabia mpya. Ufa kati ya miraba ni kapasita: chaji hukusanyika kwenye kingo. Nafasi kati ya miraba na bamba la chini, ambamo mkondo huzunguka, ni koili. Kapasita na koili vikikaa pamoja vinakuwa na mdundo wao, sawasawa na saketi ya kuchagulia stesheni katika redio. Mahali penye mdundo huo, uso unakuwa na impidansi (ukinzani kwa mkondo wa wimbi) kubwa mno, mkondo haupiti kirahisi, na wimbi linarudi bila kupinduliwa. Fezi ni sifuri.

Jambo hili la fezi kugeuka lipo katika kila kitu chenye mdundo. Bembea ukiisukuma polepole hufuata mkono wako, na ukiisukuma haraka kupita mdundo wake huenda kinyume na mkono. Uso huu nao uko hivyo: masafa yakiwa chini ya mdundo wake unafanana na bati la kawaida, fezi karibu 180, yakipanda, fezi inateremka hadi sifuri, yakizidi kupanda, inaendelea hadi 180 ya upande wa pili. Ukishika hapo umeshika uzi wote. Anayesanifu uso anachagua fezi, na anayechagua fezi anaongoza wimbi.

Mzee_Parabola

Wanangu, mimi nilikuwa nafunga parabola kubwa za wavu tangu zamani, zile za mita 2 na zaidi. Siku zote nimeona mvua na mwanga vinapita katika wavu, lakini televisheni inakamata. Hilo nalo ni la familia hii?

FundiRezo_Bkv

Shikamoo mzee. Ni la familia hii, tena ndiye babu yao. Parabola zako zilikuwa za bendi ya C, karibu na gigahezi 4, urefu wa wimbi kama sentimita 7.5. Tundu la milimita chache ni dogo sana kwa wimbi hilo, kwa hiyo wavu kwake ni ukuta. Mwanga una urefu wa wimbi chini ya mikromita moja, kwake tundu lile ni lango kubwa. Umbo lile lile la chuma kwa wimbi moja ni ukuta na kwa jingine ni dirisha. Ukifunga kinasio (kile kichwa kinachopokea sinyali) cha bendi ya Ku, karibu gigahezi 12, kwenye wavu wenye matundu mapana utaona sinyali inapungua, kwa sababu wimbi limekuwa la sentimita 2.5 na baadhi yake linavuja nyuma. Nadhani mzee umeliona hilo kwa macho.

Wahandisi walilichukua hilo wakalisukuma mbali zaidi: badala ya tundu lolote, wachonge maumbo ya kipimo maalumu, misalaba, pete, miraba, ili uso upitishe masafa fulani na kuakisi mengine. Vyombo vya angani vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vina dishi la mita 3.7, na kile kioo kidogo kilicho mbele ya dishi kimetengenezwa hivyo. Bendi ya X, karibu gigahezi 8.4, inaakisiwa nacho. Bendi ya S, karibu 2.3, inapita ndani yake. Dishi moja, bendi mbili, bila kitu chochote cha kuzungusha. Mimi hilo hunifurahisha sana: mchoro wa chuma ukifanya kazi ya mlinzi wa lango huko mbali kuliko sayari zote.

Mwanafunzi_Fizikia

Kaka, nipe namba. Nataka kutengeneza kimoja cha wifi nyumbani. Nina bodi za fibaglasi zenye shaba, zile za kawaida za kutengenezea saketi.

FundiRezo_Bkv

Mdogo wangu, umeuliza nilichokuwa nasubiri. Chukua kalamu.

Koili ya uso huu inategemea unene wa kihami peke yake: zidisha unene kwa 4π × 10⁻⁷. Bodi ya kawaida ina milimita 1.6, inakupa nanohenri 2. Ukibana mbili pamoja bila hewa katikati, ya juu ikiwa na shaba juu tu na ya chini ikiwa na shaba chini tu, una milimita 3.2 na nanohenri 4. Chukua hiyo ya 3.2, nitakwambia kwa nini.

Sasa miraba. Chora ya milimita 20 kwa 20, ufa wa milimita 1. Kwa fibaglasi yenye uwezo wa kihami wa karibu 4.4, kapasita ya kila ufa inatoka kama pikofaradi 1.14. Mdundo ni 1 gawanya kwa 2π mara kipeuo cha pili cha koili mara kapasita, nayo inakupa karibu gigahezi 2.35. Uko mlangoni mwa wifi. Fanya angalau miraba 6 kwa 6, upande mzima kama sentimita 12.6.

Kwa nini si bodi moja ya 1.6? Kwa sababu ya upana wa bendi. Eneo ambalo uso unafanya kazi vizuri, fezi ikiwa kati ya +90 na −90, ukilipima kama sehemu ya masafa ya katikati ni karibu 2π mara unene gawanya kwa urefu wa wimbi. Kwa 1.6 ni asilimia 8, karibu megahezi 190. Kwa 3.2 ni asilimia 16, karibu 380. Bendi ya wifi yenyewe ina megahezi 83.5 tu, kwa hiyo unaweza kudhani 190 inatosha. Lakini fibaglasi za sokoni hazifanani: moja ina 4.2, nyingine 4.8, na tofauti hiyo peke yake inasogeza mdundo kwa zaidi ya megahezi 100. Ukiwa na bodi nyembamba, kosa dogo linakutoa nje. Hakuna ujanja wa kuchora utakaokupa uso mwembamba sana wenye bendi pana sana bila gharama. Anayekuahidi hivyo kwa tangazo, mwombe grafu.

Kisha weka dipoli yako (antena ya waya mbili zilizonyooka) milimita 3 juu ya miraba bila kugusana. Anza na urefu wa sentimita 6.5 ukate kidogo kidogo, kwa sababu uso ulio karibu hubadilisha urefu unaofaa. Kimo chote kinakuwa kama milimita 6, badala ya 31.

Unapoyeyusha shaba isiyotakiwa kwa perkloridi ya feri, vaa glavu, fanya penye hewa, na maji yake usimwage kwenye mfereji. Mifereji yetu yote inaishia ziwani au Ruzizi, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki.

Mwanafunzi_Fizikia

Aksanti sana! Na zile pini? Kutoboa matundu 36 na kuchomelea solda kila moja, kwa bodi mbili zilizobanwa...

FundiRezo_Bkv

Ziache. Kwa wimbi linalokuja wima juu ya uso, pini karibu hazihusiki. Miraba na bamba la chini vinatosha kukupa fezi sifuri, na hesabu niliyokupa haibadiliki.

Pini zina kazi nyingine, na ni kazi kubwa. Mbali na wimbi linaloruka hewani, kuna wimbi linalotambaa juu ya uso wa chuma kama maji yanayofuata ukingo wa meza. Likifika mwisho wa bamba linavunjika na kutawanyika ovyo: sehemu inakwenda nyuma, sehemu inaharibu umbo la mwale. Uso wa uyoga wenye pini unalizuia wimbi hilo katika bendi fulani, haliwezi kutambaa kabisa. Ndiyo sababu antena mbili zilizokaa jirani kwenye bodi moja zinaweza kutenganishwa kwa safu chache za uyoga zisisumbuane.

Neema, hili linagusa Goma. Kuzunguka volkano ya Nyiragongo kuna vituo vya GNSS (setilaiti za kuonyesha mahali, kama GPS) vinavyopima jinsi ardhi inavyojivuta na kuvimba. Wanatafuta mwendo wa milimita. Ishara ya setilaiti kwenye megahezi 1575.42 ina urefu wa wimbi wa sentimita 19, na ikigonga mawe ya lava chini kisha ikapanda kwenye antena, kipimo kinachafuka. Kwa upimaji wa namna hii, duniani kote hutumiwa sana antena iliyozungukwa na pete za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye mifereji ya kina cha robo ya wimbi au kuzidi kidogo. Robo ya hapo ni kama sentimita 4.8. Mfereji wa kina hicho unageuza uso kuwa mahali ambapo wimbi la kutambaa halishiki, na kinachotoka chini kinapungua sana kabla hakijafika katikati. Ni chuma kitupu, hakuna hata chembe ya elektroniki ndani yake.

Neema_Goma

Hilo sikulijua. Nimekaa na mlima ule maisha yangu yote.

Kijana_wa_Katuba

Wakubwa, jambo kutoka Lubumbashi. Shaba inatoka hapa kwetu, kisha inarudi kama bodi kwa bei ya mbali. Swali langu: shaba ya bodi ni nyembamba kama karatasi. Haipotezi nguvu? Si bora bamba nene?

FundiRezo_Bkv

Jambo mukubwa wa Katuba. Kwenye gigahezi 2.4 mkondo hauingii ndani ya shaba zaidi ya mikromita 1.3 hivi, kwenye 5.8 haufiki hata 1. Shaba ya bodi ya kawaida ina mikromita 35. Kwa hiyo ukitumia bamba la milimita 5 umelipa kwa ajili ya shaba ambayo wimbi halitaigusa kamwe. Hata karatasi ya alumini ya jikoni inatosha.

Kinachopoteza nguvu ni kihami. Fibaglasi ya kawaida ina upotevu wa karibu 0.02, na karibu na mdundo, pale uga unapojaa kwenye nyufa, upotevu huo unaonekana kwenye kipimo. Bodi maalumu za kiwanda za masafa ya gigahezi zina upotevu mdogo zaidi, nyingine mara 10 au zaidi, na bei yake inapanda. Kwa mwanafunzi, fibaglasi inafundisha yote anayohitaji. Kwa bidhaa ya kuuza, hapana.

Na hilo la shaba kutoka kwenu na bodi kutoka mbali, nakuunga mkono kwa moyo wote. Kazi ya kuchonga miraba haihitaji kiwanda kikubwa. Inahitaji watu wanaojua kwa nini ufa ni milimita 1 na si 3.

Dada_Kalasi (mwalimu wa sekondari)

Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Bukavu. Wanafunzi wangu hawana bodi wala perkloridi. Kuna chochote tunachoweza kufanya kwa kartoni?

FundiRezo_Bkv

Mwalimu, kipo, na kwa maoni yangu ndicho kingepaswa kuwa cha kwanza kufundishwa. Ngoja nianze mbali kidogo.

Parabola inafanya kazi kwa umbo: kila mwale unaotoka kwenye kitovu (pale kinasio kinapokaa) na kugonga dishi husafiri urefu sawa, kwa hiyo yote hutoka mbele kwa fezi moja. Mwaka 1963 Berry, Malech na Kennedy walionyesha kwamba umbo si lazima. Chukua uso bapa, na kila sehemu yake uipe fezi inayofidia tofauti ya urefu. Tuseme kitovu kiko sentimita 30 mbele, kwenye gigahezi 5.8, ambako wimbi lina sentimita 5.17. Katikati, njia ni 30. Sentimita 10 pembeni, njia ni 31.62, ziada ni 1.62, yaani nyuzi 113 za fezi. Sentimita 15 pembeni, ziada ni 3.54, nyuzi 247. Sentimita 20 pembeni, ziada ni 6.06, ambayo ni mzunguko mzima na nyuzi 62 juu yake. Mzunguko mzima unautupa, unabaki na 62. Kila mraba wa shaba unachongwa ukubwa unaorudisha kiasi hicho cha fezi. Uso ni bapa kama meza, lakini kwa wimbi ni dishi.

Vyombo viwili vidogo vya angani vya MarCO vilivyopita Mars tarehe 26 Novemba 2018 vilibeba uso wa namna hii. Kila chombo kilikuwa na ukubwa wa sentimita 37 kwa 24 kwa 12 hivi, dishi la kawaida lisingeingia. Wakaweka paneli tatu bapa zilizokunjwa ubavuni, zikafunguka angani, na kupitia hizo habari za InSight, chombo kilichokuwa kikitua Mars, zikafika duniani wakati ule ule.

Sasa kartoni. Badala ya kumpa kila mraba fezi yake kamili, gawa uso katika pete za aina mbili zinazopishana: zinazosaidia na zinazoharibu. Zile zinazoharibu zifunike kwa karatasi ya alumini, zinazosaidia ziache wazi. Kwa 5.8 na kitovu cha sentimita 30, mipaka ya pete iko kwenye nusukipenyo cha sentimita 12.7, 18.4, 22.9 na 27.0. Duara la kati liache wazi, pete ya kutoka 12.7 hadi 18.4 ifunike, hadi 22.9 wazi, hadi 27.0 funika. Ruta yenye 5.8 iwe mbali upande mmoja, kinasio kiwe sentimita 30 nyuma ya kartoni upande wa pili. Wanafunzi wasogeze kinasio mbele na nyuma na waandike namba. Watakiona kitovu wenyewe, kwa kartoni bapa. Huygens aliandika mwaka 1690 kwamba kila nukta ya wimbi ni chanzo cha wimbi jipya. Hapa wanamwona akithibitishwa kwa gundi na mkasi.

Nusu ya uso imezibwa, kwa hiyo haiwezi kushindana na dishi la ukubwa huo. Waambieni hivyo wazi.

Dada_Kalasi

Aksanti. Nitapanga kipindi.

Papa_Moise243

Mie nina swali la biashara. Kuna stika zinauzwa, unabandika nyuma ya simu, wanasema zinaongeza rezo. Zina michoro ya dhahabu hivi. Ndizo hizo?

FundiRezo_Bkv

Hapana, papa. Usinunue.

Kila uso niliouzungumzia hapa una mambo mawili: ukubwa wa kutosha mbele ya wimbi, na mahali maalumu kuhusiana na antena, kwa milimita. Wimbi la megahezi 900 lina sentimita 33. Stika ya sentimita 4 iliyobandikwa popote, bila kujua antena ya simu yako iko kona gani, haina hesabu yoyote nyuma yake. Haina betri, kwa hiyo haiwezi kuongeza nguvu. Inaweza tu kuigawa upya, na kwa ukubwa ule haigawi chochote cha maana. Ikikaa juu kabisa ya antena inaweza kuivuruga mdundo na kukupunguzia.

Mzee_Parabola

Mwanangu, nimesoma mahali kuhusu nyuso zinazoamriwa kwa kompyuta, eti utabandika ukutani na rezo inapinda kona. Mtaani kwetu tuko nyuma ya kilima, mnara hatuuoni. Tuna matumaini?

FundiRezo_Bkv

Mzee, hiyo ni kweli na si ndoto. Mwaka 2011 kundi la Federico Capasso pale Harvard lilionyesha kwamba ukipanga antena ndogo za dhahabu zenye umbo la V juu ya silikoni, fezi ikibadilika hatua kwa hatua kwenye uso, mwale unapinda kwa pembe unayoichagua, si kwa ile tuliyofundishwa shuleni. Mwaka 2014 Tie Jun Cui na wenzake wa China waliweka diodi (hapa ni swichi ndogo ya umeme) katika kila kipande: ikizimwa ni fezi moja, ikiwashwa ni nyingine iliyo kinyume. Sifuri na moja. Kompyuta ikibadilisha mpangilio, mwale unageuka bila kitu kusogea.

Lakini nyuma ya kilima chetu hesabu ni ngumu, nami sitakupa matumaini ya bure. Wimbi linatoka kwenye mnara, linapungua likienda kwenye uso, kisha linaanza kupungua upya likitoka kwenye uso kuja kwako. Pungufu hizo mbili zinazidishana.

Tuchukue bamba la mita 2 kwa 2, gigahezi 5.8, safari nzima kilomita 2, pembe isiyo kali. Ukiliweka katikati, kilomita 1 na kilomita 1, unapokea nguvu ndogo kama mara 40 kuliko kama mngeonana moja kwa moja. Ukilisogeza liwe mita 300 kutoka kwako na 1,700 kutoka kwenye mnara, unapoteza kama mara 10 tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: uso ukae karibu na upande mmoja, usiwe katikati. Kanuni ya pili: ukubwa. Nguvu inaongezeka kwa mraba wa eneo, na bamba la nusu mita halitakusaidia kitu mlimani.

Na kama mnara hausogei na nyumba yako haisogei, diodi za nini? Zamani mafundi wa simu walisimamisha mabamba makubwa bapa ya chuma milimani, bila umeme, wakayaelekeza kwa uangalifu, na mawimbi yakavuka kilele. Kwa kilima chako ningeanza na hilo. Uso unaoamriwa una nafasi yake pale watu wanapotembea: hospitali, soko, jengo lenye korido ndefu, na hasa kwenye masafa ya juu ya simu mpya ambayo hata ukuta wa tofali unayazima.

Mzee_Parabola

Bamba la mita 2 kwa 2 juu ya kilima, na upepo wa ziwa huu? Litafanya kazi ya tanga.

FundiRezo_Bkv

Ndipo parabola zako za zamani zinarudi kazini, mzee. Tumia wavu. Kwenye 5.8 wimbi lina sentimita 5.17, tundu likiwa milimita 4 au 5 ni chini ya sehemu ya kumi ya wimbi, karibu nguvu yote inaakisiwa, na upepo unapita. Fremu iwe ya chuma cha pembe, wavu uvutwe sawasawa usijae mikunjo. Kukosea kwa uso kusizidi milimita 3, maana wimbi linakwenda na kurudi na kosa linahesabiwa mara mbili. Na uelekeze kwa kipimo cha dBm (nguvu ya sinyali) cha redio yenyewe, mtu mmoja kwenye bamba na mwingine nyumbani akisoma namba kwa simu. Mwale wa bamba la mita 2 kwenye masafa haya una upana wa kama nyuzi moja na nusu, kwa hiyo geuza kidogo sana, subiri namba itulie, kisha geuza tena.

Ukiwa tayari niandikie ndani, nitakuja na kinasio changu.